Njia Iko kwenye Simu, Nauli Iko kwenye Kadi

Chukua safari moja ya asubuhi huko Kanada. Abiria anatoka Mississauga kwa basi la MiWay, anashuka kituo cha Kipling, anaingia treni ya chini ya ardhi ya TTC, shirika la usafiri la Toronto, na kuelekea katikati ya jiji. Simu inampangia yote kwa sekunde moja: basi gani, atembee dakika ngapi, treni itaondoka saa ngapi, atafika lini. Kinachokosekana mara nyingi, au kinachokuja kikiwa kimekosewa, ni namba moja tu: atalipa kiasi gani. Programu moja inaweza kujumlisha nauli ya MiWay na ya TTC, nyingine ikaonyesha nauli ya gari la kwanza peke yake, nyingine isionyeshe chochote. Jibu sahihi, tangu tarehe 26 Februari 2024, ni kwamba akigusisha kadi ileile ndani ya saa 2, lango la Kipling halimkati hata senti.

Skrini ya simu huweka njia na nauli mahali pamoja, kumbe ni hesabu mbili za aina tofauti. Njia hutokana na ratiba na ramani, na hizo ni zilezile kwa kila mtu. Nauli hutokana na kumbukumbu za kadi: imeguswa wapi, saa ngapi, kwenye gari la shirika gani, na kabla ya hapo ilikuwa imeguswa wapi. Abiria wawili waliokaa kiti kimoja kutoka kituo kimoja hadi kingine wanaweza kulipa nauli mbili tofauti, na wote wawili wakawa wametozwa sawasawa na kanuni. Anayetaka kupanga safari inayovuka mipaka ya mashirika asome njia kwenye simu, kisha nauli aikokotoe mwenyewe. Haichukui muda akishazijua kanuni, na Toronto ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu kanuni zake ni chache na ziko wazi.

Toronto na miji inayoizunguka ina mashirika kadhaa ya usafiri. TTC iko ndani ya jiji lenyewe. MiWay ni ya Mississauga, Brampton Transit ya Brampton, York Region Transit iko upande wa kaskazini, Durham Region Transit upande wa mashariki. Juu ya hayo yote ipo GO Transit, yenye treni na mabasi ya masafa marefu yanayoifunga miji hiyo pamoja. Kila shirika lina nauli yake. Zamani barabara ya Steeles, mpaka wa kaskazini wa jiji, ilikuwa kama mto wenye kivuko cha kulipia: ukija na basi la York ukaingia TTC, unalipa nauli kamili mara mbili. Hata baada ya Desemba 2017, Njia ya 1 ya treni iliposogezwa hadi Vaughan, nje kabisa ya mpaka wa jiji, aliyefika pale kwa basi la York alilipa upya langoni.

Unafuu ulijaribiwa mapema. Januari 2018 lilianza punguzo la dola 1.50 kwa anayeunganisha kati ya GO na TTC. Mwisho wa Machi 2020 fedha za mpango huo ziliisha, na punguzo likaenda nazo. Kadi zilikuwa zilezile na mashine zilezile. Jambo hili lingefaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba nauli moja kwa mashirika mengi ni suala la kununua mfumo wa kompyuta. Mashine inaweza kusamehe nauli ya pili kwa mstari mmoja wa kanuni. Swali ni nani anamlipa mwenye gari la pili. Katika mpango wa sasa, unaoitwa One Fare, ni serikali ya jimbo la Ontario inayoyafidia mashirika mapato wanayopoteza, na mpango unasimama kwa sababu hiyo.

Kanuni zenyewe ni hizi. Ukiunganisha kati ya huduma za mijini, yaani TTC, MiWay, Brampton, York na Durham, unalipia gari la kwanza, na mengine yote utakayopanda ndani ya saa 2 ni bure. Ukiingiza GO kwenye safari, unalipa nauli ya GO peke yake, na ile ya huduma ya mjini inamezwa humo. Muda ni saa 2 kwenye huduma za mijini na saa 3 kwenye GO.

Tuweke namba. Nauli ya mtu mzima ya TTC kwa kadi ni dola 3.30. Tuseme safari ya GO unayoitaka ni dola 8. Ukianza na TTC, kadi inakatwa 3.30. Ukishuka GO na kugusisha kadi, mfumo unachukua 8 unatoa 3.30, unakukata 4.70. Ukimalizia na basi la Durham, kadi inakatwa sifuri. Jumla ni dola 8. Ukigeuza mwelekeo, unaanza na GO kwa dola 8 na TTC inakuwa bure, na jumla inabaki ileile. Bila One Fare, TTC na GO tu zingekula dola 11.30, kabla hata ya kufika kwenye basi la Durham. Programu iliyojumlisha nauli za magari yote matatu inamwonyesha abiria bei ambayo hakuna mtu anayelipa, na abiria mwenye kipato kidogo ndiye atakayeikimbia njia hiyo na kuchagua basi la polepole. Kwa maoni yangu, afadhali programu isiyoonyesha nauli kabisa kuliko inayojumlisha bila kujua kanuni.

Sasa mahali fedha zinapovuja. Kosa la kwanza ni kubadilisha chombo katikati ya safari. Mtu anagusisha simu kwenye basi, kisha langoni simu iko mfukoni, anatoa kadi ya benki ya plastiki. Akaunti ni moja, jina ni moja, lakini kwa mashine hivyo ni vitu viwili. Kadi iliyowekwa ndani ya simu hupewa namba yake ya pekee, tofauti na iliyochapwa kwenye plastiki, na saa ya mkononi vilevile ina namba yake. Mfumo unamwona abiria wa kwanza aliyepanda basi akapotea, na wa pili aliyetokea langoni bila historia. Nauli kamili mara mbili. Chombo ulichoanza nacho ndicho umalizie nacho, hata kama betri ya simu inakaribia kuisha. Kama unaona haitafika, anza safari na plastiki.

Kosa la pili ni kutogusisha pale ambapo mtu anajua hatakatwa. Kwenye treni za barabarani za TTC unapanda mlango wowote na hakuna wa kukuzuia, na mtu anajiambia kwamba muda wake wa saa 2 bado unaendelea, ya nini kugusisha. Mkaguzi akija, anachokitafuta kwenye kadi ni alama ya kugusa kwenye gari hilo. Gusisha kila unapokuta mashine. Isipokuwa pale basi la TTC linapoingia ndani ya kituo cha treni, eneo ambalo tayari limelipiwa, ambako unashuka na kuteremka ngazi bila kukutana na lango. Basi la MiWay pale Kipling halishushi ndani ya eneo hilo, kwa hiyo lango lipo na lazima uguse.

GO ina tabia yake: unagusisha kabla ya kupanda na unagusisha tena baada ya kushuka, kwa sababu nauli inategemea umbali. Ukisahau kugusisha unaposhuka, mfumo haujui ulikoishia na unaweza kukutoza nauli ya mbali kuliko uliyosafiri. Mashine za GO vituoni zimesimama kwenye nguzo, hakuna lango la kukukumbusha, na umati ukishuka kwa pamoja pale kituo kikuu cha Union ni rahisi kupitiliza. Ukishabebwa na umati mpaka lango la TTC ndipo ukumbuke, rudi. Hatua chache za kurudi ni bei ndogo.

Fedha taslimu hazina kumbukumbu, kwa hiyo hazina One Fare. Kadi ya benki nayo haijui umri: inatoza nauli ya mtu mzima daima. Mzee mwenye haki ya nauli nafuu anahitaji kadi ya PRESTO, kadi ya nauli ya mashirika haya yote, iliyosajiliwa kwa kundi lake, na programu nyingi za simu, zinapoonyesha nauli, huonyesha ya mtu mzima bila kusema.

Na muda wenyewe unahesabiwaje? Saa 2 huanza pale kadi inapogusa mara ya kwanza. Kinachotazamwa ni saa ulipogusa gari la mwisho. Aliyeanza saa 1:10 asubuhi anaweza kuingia gari la mwisho saa 3:05 na kuendelea nalo hadi mwisho wa njia hata kama ni saa 3:50. Akichelewa hadi 3:12 nje ya mlango wa basi, analipa upya. Kwa hiyo unapotazama mpango wa safari kwenye simu, toa saa ya kugusa mara ya kwanza kwenye saa ya kupanda gari la mwisho. Ikikaribia dakika 110, hiyo ni safari ambayo foleni moja tu itaigeuza kuwa ya nauli mbili. Tafuta yenye kuunganisha mapema zaidi, hata kama inafika dakika 5 baadaye.

Kwa nini simu haijui

Tatizo lina mizizi kwenye data. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, jimbo la Oregon, TriMet, lilishirikiana na Google kuweka ratiba zake kwenye ramani. Bibiana McHugh wa TriMet alitaka safari ya basi ipatikane kirahisi kama ya gari binafsi. Mfumo wa mafaili walioutumia ndio ulioenea duniani kwa jina la GTFS. Ukiufungua hutakuta maajabu: ni faili la zip lenye majedwali ya maandishi matupu, yanayofunguka hata kwenye programu ya kawaida ya majedwali. stops.txt lina vituo na latitudo na longitudo zake. routes.txt lina njia. trips.txt lina kila safari ya gari. stop_times.txt, kubwa kuliko yote, linasema kila safari inafika kila kituo saa ngapi.

Nauli iliwekwa kwenye fare_attributes.txt. Mstari mmoja wa faili hilo unabeba bei, sarafu, namna ya kulipa, idadi ya mara unazoruhusiwa kuunganisha, na muda wa kuunganisha kwa sekunde. Saa 2 ni 7200. Kwa jiji lenye shirika moja na nauli moja, mstari huo unatosha kabisa. Lakini kila shirika hutoa kifurushi chake cha mafaili haya, na kifurushi cha MiWay hakina safu ya kusema kwamba mtu akitoka kwetu akaingia kifurushi cha TTC, asilipe. Kanuni ya One Fare haiishi ndani ya shirika lolote. Inaishi katikati yao, na katikati hakuna faili.

Mwaka 2022 mfumo ulianza kupokea sehemu mpya za nauli, likiwemo fare_transfer_rules.txt. Humo unapanga vipande vya safari katika makundi, kisha unaandika: kutoka kundi hili kwenda kundi lile, ndani ya sekunde 7200, gharama ni hii. Gharama inaruhusiwa kuwa hasi, kwa hiyo ule unafuu wa TTC kwenye GO unaweza kuandikwa kama −3.30 na hesabu ikakaa sawa. Huu ni ufundi mzuri. Lakini makundi yote mawili lazima yawe kwenye kifurushi kimoja, kwa hiyo inabidi pawepo mtu wa kukusanya vifurushi vya mashirika yote na kuvifanya kimoja. Eneo la Ghuba ya San Francisco, lenye mashirika zaidi ya 20, tume ya usafiri ya eneo zima hufanya kazi hiyo na kutoa kifurushi cha pamoja. Bila mkusanyaji wa namna hiyo, kila mtengeneza programu anakisia kivyake, na makisio yao ndiyo tunayoyaona kwenye simu.

Data ikiwa kamili bado kuna ugumu wa pili, na huu unapendeza kuufuata polepole. Programu nyingi za leo hutafuta njia kwa mbinu ya mizunguko, inayojulikana kwa jina la RAPTOR, iliyochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Microsoft. Mzunguko wa kwanza unauliza: kwa gari moja naweza kufika vituo gani, na mapema kiasi gani? Wa pili: nikiongeza gari moja kutoka kila kituo nilichofika? Wa tatu vivyo hivyo. Kwa kila kituo inahifadhi saa ya mapema zaidi ya kufika kwa idadi hiyo ya magari na kutupa nyingine zote. Kutupa ndiko kunakoleta kasi. Kama njia mbili zinafika Kipling, moja saa 1:48 na nyingine saa 1:50, kwa idadi ileile ya magari, ya 1:50 haina faida yoyote. Inatupwa.

Ingiza nauli uone. Ile ya 1:48 ilikuja kwa basi la kampuni isiyo kwenye mpango wa kuunganisha. Ile ya 1:50 ilikuja kwa MiWay, na abiria wake amesimama langoni akiwa na haki ya kuingia bure. Imechelewa dakika 2 lakini ina dola 3.30 mfukoni, na ilishatupwa kabla programu haijafika langoni. Ili isitupwe, kila kituo kihifadhi njia nyingi pamoja na haki zilizobebwa na kila moja: imelipa kiasi gani, muda uliobaki ni kiasi gani, punguzo lipi bado hai. Orodha inavimba haraka, na simu iliyokuwa ikijibu kwa sekunde moja inaanza kusubirisha. Ndiyo maana programu nyingi hutafuta njia kwanza kwa saa, kisha hubandika nauli juu ya zile zilizobaki. Nauli nafuu inaweza kuwa imeondoka zamani. Dawa kwa abiria ni kuilazimisha programu ionyeshe zaidi: rudisha saa ya kuondoka nyuma kwa dakika 10, weka kikomo kwamba upite kituo fulani, au zima aina moja ya usafiri kwenye mipangilio uone inaleta nini.

London imelivalia njuga tatizo hili kwa vifaa. Nauli za treni huko hutegemea kama umepita katikati ya jiji, kanda ya 1, au umezunguka. Malango hayaoni ulipopita, yanaona ulikoingia na ulikotoka. Basi wakaweka mashine za rangi ya waridi kwenye vituo vya kubadilishia treni nje ya kanda hiyo, kama Highbury & Islington, Stratford na Willesden Junction. Ukibadilisha treni hapo, gusa mashine ya waridi, mfumo unajua umezunguka. Haikukati kitu, inaandika tu kwamba ulipita. Usipogusa, mfumo unaweza kuchukulia kwamba ulipita katikati na kukutoza zaidi. Programu ya simu ikikwambia ubadilishe treni kwenye kituo cha namna hiyo, tafuta mashine hiyo kabla ya kutafuta jukwaa la treni inayofuata.

Upande wa mabasi London ni rahisi zaidi. Nauli iitwayo Hopper ilianza Septemba 2016 ikiruhusu mabasi mawili ndani ya saa moja kwa nauli moja. Tangu Januari 2018 ni mabasi au tramu bila idadi ndani ya saa hiyo, na hata ukiingiza treni katikati, haki ya basi haifi. Treni unailipia, kisha basi linalofuata linakuwa bure kama saa haijaisha.

Dakika na usiku

Nauli ikiwa na ukomo wa muda, kila dakika ambayo programu imekosea ni fedha. Kosa kubwa liko kwenye kutembea. Faili la transfers.txt linaruhusu shirika kuandika muda wa chini wa kubadilisha gari kati ya vituo viwili, kwa sekunde. Wengi hawalijazi. Programu inabaki kupima umbali na kugawanya kwa mwendo: OpenTripPlanner, mfumo huria wa kupanga safari unaotumiwa na mashirika mengi, huanzia na mita 1.33 kwa sekunde. Mita 400 ni dakika 5. Huo ni mwendo wa mtu mzima asiye na mzigo kwenye njia tambarare. Mwenye mtoto mgongoni, mwenye goti bovu, anayesubiri lifti, kwake mita 400 ni dakika 8 au 10. Programu nyingi zina mahali pa kupunguza mwendo kwenye mipangilio. Punguza mara moja, na mipango yote itakayokuja itakuwa ya kweli zaidi. Kwenye kituo kikubwa chenye ghorofa, ongeza dakika 3 juu ya hapo, kwa sababu ramani bapa haioni ngazi.

Usiku una fumbo lake, na sisi Waswahili tuna bahati nalo. Kwenye GTFS basi la saa 7:10 usiku huandikwa 25:10:00. Saa haikukosewa. Siku ya ratiba haiishi usiku wa manane, huisha gari la mwisho linapoegeshwa, kwa hiyo saa huendelea kuhesabiwa kupita 24. Msemo wetu wa usiku wa kuamkia Jumapili unabeba maana hiyohiyo: giza lile bado ni mali ya Jumamosi. Abiria anayetafuta basi la saa 7:10 usiku akichagua tarehe ya Jumamosi kwenye kalenda ya simu, akiwaza usiku wa Jumamosi, atapewa basi la usiku wa kuamkia Jumamosi, ratiba ya Ijumaa. Kwenye simu chagua tarehe ya Jumapili, saa 1:10 kwa saa ya Kizungu, kisha hakikisha mabasi yanayotokea ni yale ya ratiba ya Jumamosi. Toronto kosa hili huuma Jumapili alfajiri, maana treni za chini ya ardhi siku hiyo huanza karibu saa 2 asubuhi badala ya saa 12.

Pale ratiba isipokuwepo

Yote haya yanadhani gari linaondoka kwa saa. Nairobi, matatu huondoka steji ikijaa. Mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT, Columbia na wenzao, uliwapandisha wanafunzi matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi njia zaidi ya 130 na kutoa ramani mapema mwaka 2014. Data ile iliandikwa kwa mfumo uleule wa GTFS, na mwaka 2015 ikaingia kwenye ramani za Google. Badala ya saa za kuondoka walitumia frequencies.txt, faili linalosema gari hupita kila baada ya sekunde kadhaa. Ukiandika 600, programu inaelewa kila dakika 10. Kwa anayetaka kujua matatu ya namba gani inafika wapi, hii ni hazina. Kwa anayetaka kujua atafika saa ngapi, aichukue kama makadirio: matatu iliyokosa abiria wawili haijali sekunde 600.

Nauli ya matatu ndiyo haiandikiki kabisa. Inapanda jioni watu wakitoka kazini, inapanda mvua ikinyesha. Sehemu mpya za GTFS zinaweza kubeba nauli inayobadilika kwa saa. Za mvua hazipo. Safu ya nauli ikiachwa wazi kwa Nairobi, huo ni ukweli, na programu inayoweka bei moja pale inampeleka mgeni kugombana na makanga bure.

Dar es Salaam ilipoanzisha mwendokasi, mabasi yenye njia zake maalumu, Mei 2016, nauli zilikuwa na kuunganisha ndani yake: shilingi 400 kwa basi mlishi, 650 kwa njia kuu, na 800 kwa zote mbili. Ukilipa kimojakimoja ni 1,050, kwa hiyo kuunganisha kuliokoa 250. Lakini unafuu huo uliishia kwenye ukingo wa mfumo. Aliyetoka Gongo la Mboto kwa daladala na kuja kupanda mwendokasi alilipa konda kamili na dirisha la tiketi kamili, kwa sababu konda hana mashine ya kuandika kwamba huyu amelipa. Kuunganisha nauli kati ya daladala na mwendokasi kunahitaji vitu viwili kwa pamoja: alama ya malipo inayosomeka pande zote mbili, na mfuko wa kumfidia mwenye daladala au mwenye basi kubwa kwa nauli iliyosamehewa. Daladala wengi huendeshwa kwa hesabu ya kila siku kwa tajiri. Dereva aliyeambiwa asamehe abiria leo na alipwe mwisho wa mwezi atakuwa anamkopesha mfumo kwa fedha za chakula cha usiku. Malipo hayo yakifika siku ileile kwenye simu yake, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kwa msafiri wa leo mwenye kadi, kazi ya mwisho ni kukagua. Ukimaliza safari mpya kwa mara ya kwanza, siku inayofuata fungua historia ya kadi kwenye tovuti ya mfumo husika. Usikague papo hapo, maana mashine za kwenye mabasi huweza kuchelewa kutuma taarifa. Hesabu miguso: safari ya TTC, GO na basi la Durham iwe na minne, kwa sababu GO ina miwili. Mguso uliokosekana ndio chanzo cha makosa mengi, na ukiuona ni wa kushuka GO, umepata mwizi wako. Miguso ikiwa yote ipo na punguzo halikutokea, pima dakika kati ya wa kwanza na wa mwisho wa kupanda. Zikiwa ndani ya muda, andika tarehe, saa ya kila mguso, namba ya njia, namba ya gari, na tarakimu 4 za mwisho za kadi, kisha dai. Ukilipia kwa simu, tarakimu hizo zitafute ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, kwa sababu zile za kwenye plastiki hazitalingana na mguso hata mmoja.